Mlango wa Mbele wa Mzee Nasoro

Msinitazame hivyo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Bujumbura, na sikuwa nimelewa. Wengine husema labda nilivuta mvuke wa mafuta. Mafuta gani? Mji mzima ulikuwa hauna hata tone.

Mimi ni fundi wa bodi za magari, mtu wa nyundo na kuchomelea, na udhaifu wangu ni vigari vya zamani. Nilinunua kimoja cha magurudumu matatu, cha watu wawili waliobanana. Mlango wake ulikuwa mbele, kwenye pua. Unaufungua kama friji, na usukani unatoka pamoja nao. Aliyeniuzia ni Zuhura, binti wa Mzee Nasoro, Mwarabu aliyekuwa na duka la vitambaa mtaa wa Rohero. Mzee alikuwa ameshafariki. Miguu ilimsumbua sana, lakini kwa mlango ule alitoka wima bila kushikwa mkono. Zuhura aliniambia hivyo siku ile ile.

Mimi nikaona mlango unavujisha mvua. Nikauchomelea usifunguke tena, nikapiga rangi mpya, nikatoboa mwingine ubavuni. Bawaba za zamani nikazitupa kwa watu wa vyuma chakavu. Niamini, nilijiona fundi wa mafundi.

Jumapili moja wenye vigari tulikutana kwenye kiwanja karibu na ziwa, kama kawaida yetu. Kwa kuwa mafuta hayakuwapo, kila mtu alikuja akisukuma chake. Changu huwa nakisukuma peke yangu huku naongea na simu. Siku hiyo nilimwita rafiki yangu Dieudonné, Mkongomani wa Uvira, na bado tulifika tumelowa jasho. Akaniuliza nimebeba saruji au nini. Nikachungulia ndani. Hapakuwa na kitu.

Alasiri, watu walipopungua, akaja mzee wa kanzu na koti, anaburuta miguu. Hakunisalimia. Akapapasa pua ya gari polepole, pale kilipokuwa kitasa.

"Ni we umefunga hapa?"

Nikamjibu ndiyo, tena kwa majivuno. Akaitazama rangi yangu kwa muda mrefu.

"Sasa mi nitatokea wapi?"

Nilidhani anataka kujaribu kukaa, kama wote wanavyopenda. Nikamfungulia mlango wa ubavuni. "Ingia huku, Papa. Nitakushika mukono."

"Apana," akasema, na sijawahi kuona mtu aliyechoka vile. "Kuingia niliisha kuingia."

Nikageuka kumwita Dieudonné anisaidie kumshika. Nilipogeuka tena, hapakuwa na mtu. Kigari kikalala upande mmoja, springi zikalia, kama mtu mzito anavyojiweka sawa kitini. Dieudonné aliliona hilo kwa macho yake. Hadi leo hataki kukigusa.

Kesho yake nilikwenda kwa Zuhura, nikamweleza. Hakushtuka, alilia tu. Akaniambia baba yake alifia mle ndani ya kigari, mbele ya duka, akingoja adhana ya alasiri. Tangu hapo mlango ulikuwa ukifunguka wenyewe kila saa hiyo, kisha unajifunga. Nyumbani kwao waliona haya kuniambia. Akaniomba nimrudishie baba yake njia.

Nimejaribu. Chuma nimekata, lakini bati limepinda, na bawaba za aina ile sijazipata popote. Mlango unafunguka upana wa kiganja tu. Kila alasiri nauacha hivyo, nakaa kando, namwomba radhi. Nasikia mtu anasukuma, anapumzika, anasukuma tena. Huu ni mwaka wa pili. Nimechoka, jamani, na najua yeye amechoka zaidi.

Kwa hiyo wewe unayenunua kitu cha marehemu, usiwe na haraka ya kukiboresha. Ukiambiwa mwenyewe alikitumiaje, sikia. Mimi niliambiwa, sikusikia. Juzi tajiri mmoja wa Kiriri alitaka kukinunua, akashangaa nilipokataa. Ningemwambia nini? Gari lina mtu ndani.