Mpagazi wa Najiat na Mzaramo Aliyemteka

Najiat hajui kukaa. Namjua tangu ana miaka sita, sasa ana arobaini na saba, na sijawahi kumwona ametulia muda wa kumaliza kikombe cha chai. Ni fundi cherehani hapa Isevya, nyumba ya pili kutoka kwangu. Akishona, mguu mmoja unakanyaga cherehani na wa pili unatikisika bila kazi. Ukizungumza naye, macho yake yako kwenye taa ya dari, anatafuta waya umepita wapi.

Miaka minne iliyopita mota ya cherehani ya umeme iliungua mikononi mwake, akaifungua aone kinachoizungusha. Tangu siku hiyo nguo zikawa kazi tu, na moyo ukahamia kwingine. Akaanza kuokota mota za vioo vya magari mabovu na betri za kompyuta zilizotupwa. Akajifunza kulehemu kwa kutazama video kwenye simu, akaungua vidole hata kushika sindano ikawa taabu. Akajifunza kuandika yale maagizo ya kompyuta, mstari kwa mstari. Kwa hilo siwezi kumcheka. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa sukari dukani.

Kilichozaliwa ni roboti ya miguu sita, ukubwa wa mbuzi mchanga, mwili wake sufuria kuukuu ya alumini, na mgongoni kikapu. Aliipa jina Mpagazi. Aliniita niione ikitembea sebuleni: krr, krr, krr, ikafika ukutani, ikageuka.

"Inafanya kazi gani?" nikamuuliza.

"Inatembea, Mzee Masanja."

"Halafu?"

"Halafu inageuka."

"Mwanangu, babu zako walitembea miezi mitatu hadi Bagamoyo na meno ya tembo begani. Wewe umeunda kitu kinachotoka kabatini hadi mlangoni."

"Lakini hakidai posho," akasema, akacheka peke yake. Alikuwa keshapiga goti anakaza skrubu.

Nilirudi kwangu nimenuna. Njia ya misafara imepigwa lami, na wanaopita juu yake hawajui waliotangulia walilala wapi, walizikana wapi, waliimba nini. Na sasa jina la mpagazi limepewa sufuria.

Mwezi wa nane mwaka jana mama yake Najiat, Bi Mwanamkuu, akafariki. Hapo ndipo alipoingia Shomari.

Shomari ni Mzaramo, fundi wa reli mstaafu, amebaki hapa tangu ujana wake. Kwetu Wanyamwezi Mzaramo ni mtani. Vijana wakisikia neno utani wanafikiri ni mambo ya Simba na Yanga. Utani wetu ulizaliwa njiani, babu zetu walipopita nchi ya Wazaramo na mizigo kwenda pwani. Badala ya kuuana wakakubaliana kutukanana. Mtani msibani ana ruhusa zote: amwigize marehemu, achukue sufuria ya wali, alale kwenye jeneza. Hukasiriki. Ukimkasirikia mtani matangani umemvunjia heshima maiti wako mwenyewe. Zamani watani walikuja kumi, ishirini. Kwa Bi Mwanamkuu alikuja mmoja, Shomari, na fimbo yake.

Siku ya tatu tumekaa uwanjani, Shomari anaigiza mwendo wa marehemu na kikohozi chake, watu wanacheka huku wanafuta machozi. Ghafla kutoka chumbani: krr, krr, krr. Najiat alikuwa amewatoroka waombolezaji. Tangu mazikoni hakuwa ametoa chozi hata moja, na sasa alikuwa ndani na mashine yake.

Shomari akaacha kukohoa. Akaingia, akatoka na ile roboti kwapani, miguu sita inapiga hewa.

"Huyu ndiye ndugu yenu aliyekataa kuja kulia?" akauliza. "Basi ni mateka wangu."

Abdulatifu, kaka yake Najiat aliyekuja kutoka Dar, akaruka. "Mzee, weka chini! Huo ni wizi, nitaita polisi!"

Niliona aibu kana kwamba ni mwanangu mimi.

"Ita, mwanangu," Shomari akasema taratibu. "Waambie Mzaramo amemteka mpagazi wa Kinyamwezi. Watakuuliza, kwani ameanza leo?"

Watu wote wakamgeukia Najiat. Vidole vyake vilikuwa vinacheza kwenye ncha ya kanga. Miaka mitatu ya kazi ilikuwa kwapani mwa mzee yule, na neno moja la hasira lingemwaibisha mama yake kaburini.

"Kaka, kaa chini," akasema. "Mtani, unataka ukombozi gani?"

"Sitaki kuku wala kitenge. Mpagazi hurudi kwao kwa miguu yake. Atoke kwangu atembee mpaka mlangoni kwenu, na asiguswe na mkono wa Mnyamwezi yeyote. Nampa mpaka arobaini ya mama yako. Asipofika, hilo sufuria nitalifanya kiota, kuku wangu atamie."

Kutoka kwa Shomari hadi kwa Najiat ni hatua mia mbili, na zote ni mchanga. Mpagazi alikuwa hajawahi kukanyaga chochote ila sakafu, na nyayo zake zilikuwa vichwa vya bolti.

Kuanzia hapo kila siku baada ya kazi Najiat alikwenda uwanjani kwa Shomari na mkoba wa vifaa. Mara ya kwanza mashine ilikwenda hatua tatu, ikajizika.

"Mmezoea kuchimba viazi," Shomari akasema.

Najiat akakata nyayo pana kutoka kwenye makatambuga, vile viatu vya tairi. Mchanga ukaingia kwenye meno ya gia. Akashona soksi sita za turubai, akazivalisha miguuni na kuzikaza kwa mpira. Mchanga haukuingia tena, lakini miguu ya nyuma ilizidi kuzama. Na katikati ya hayo yote Shomari alikuwa anamuuliza: mama yako alipenda mlenda au kisamvu? Ni kweli alimfukuza mposaji wako wa kwanza kwa mwiko? Najiat alijibu akiwa ameinama kwenye waya. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kumtaja mama yake tangu azikwe.

Zilipobaki siku sita alikuja kwangu, akazunguka kibarazani bila kukaa.

"Shikamoo. Babu zetu walipitaje mchangani na mizigo ile?"

"Marahaba. Leo ndiyo unauliza?"

"Nauliza."

Nilitaka kumwacha ateseke kidogo. Lakini hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza. "Mstari mmoja," nikamwambia. "Babu yangu alisema wa nyuma anakanyaga wayo wa wa mbele. Mchanga uliokwisha kukanyagwa hauzami sana."

Akanitazama, akaondoka mbio bila kuaga. Akabadilisha maagizo yote: mguu wa kati ukanyage ulipotoka wa mbele, na wa nyuma ulipotoka wa kati.

Siku ya arobaini, dua ilipokwisha, Mpagazi akatoka kwa Shomari. Krr, krr. Najiat alitembea kando yake mikono nyuma, ameibana isije ikagusa. Watoto walipiga kelele, vijana wakainua simu. Hatua hamsini. Mia. Mpagazi aliinama upande wa kulia, akajiweka sawa. Mia na tisini. Ndipo akafika kwenye mfereji wa maji ya mvua mbele ya nyumba ya Najiat, akasimama ukingoni. Mfereji ule tunauvuka kila siku kwa hatua moja. Hakuna aliyekuwa ameukumbuka, si Najiat, si mimi. Mpagazi akainua mguu, hakuona ardhi, akaurudisha. Akainua tena.

Abdulatifu alipiga hatua, dada yake akamzuia. "Wewe ni Mnyamwezi."

Tulisimama hivyo, na ile mashine ikiinua mguu na kuurudisha. Najiat alikuwa anang'ata kucha.

Shomari akatazama mfereji, akatutazama sisi. Akatupa fimbo, akapinda mgongo wake mbovu, akainyanyua roboti, akaiweka begani na kuvuka.

"Nilisema Mnyamwezi asimguse," akaguna. "Mzaramo sikumtaja."

"Mtani!" Najiat akapiga kelele. "Leo mpagazi ni nani?"

Sisi wazee tulicheka mpaka tukashikana mabega. Najiat alicheka zaidi yetu, kisha kicheko kikageuka mdomoni mwake, akaketi chini mchangani akamlilia mama yake kwa sauti. Shomari alisimama pale mlangoni na mzigo begani, hakuutua mpaka Najiat alipomaliza kulia.

Kijana mmoja akaniuliza kulikuwa na nini cha kuchekesha. Nikaanza kumweleza habari ya Bagamoyo. Sikufika hata nusu ya njia, alikuwa keshainamia simu yake. Nilipogeuka kumtafuta Najiat nimwambie yeye, alikuwa kwenye mfereji, macho bado mekundu, anapima upana wake kwa futi ya kushonea nguo.