Kulungu, Kemia na Dreama Toler

Mimi ni shangazi yake, kwa hiyo anayetaka habari za Dreama Toler zisizo na upendeleo akaulize kwingine. Najivunia mtoto yule hadi kero. Nikikutana na mtu dukani hapa kijijini Lick Fork akaanza na "lakini alama zake…", namkata kauli hapohapo, mbele ya watu wote.

Alama zake zilikuwa mbaya, nalisema mwenyewe ili nisisemewe. Alimaliza chuo na GPA, yaani wastani, ya 2.6 kati ya 4, na shule za udaktari wa meno zinataka watu wa 3.5 kwenda juu. Ila nani kauliza zilivyoharibika?

Dreama ni binti wa kaka yangu Harless, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Nedra. Alitaka kazi ya meno tangu mdogo. Huku milimani kwetu daktari wa meno yuko ng'ambo ya mlima, na mtu hamwendei mpaka shavu limevimba. Nedra aling'olewa meno yote kabla ya harusi yake, akanunuliwa ya bandia, ndiyo yakawa zawadi ya harusi kutoka kwa wazazi. Wengi walifanyiwa hivyo na hakuna aliyeshangaa. Dreama alishangaa.

"Yalikuwa mabovu yote, mama?"

"Hata. Ila yangekuja kuoza tu. Si bora kuyamaliza mara moja?"

Mtoto aliacha kula, akabaki anamtazama mama yake.

Basi akapata nafasi katika chuo kikubwa kule Ohio. Sasa, kwetu Jumatatu ya wiki ya sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, ndiyo siku ya kwanza ya kuwinda kulungu dume kwa bunduki. Shule zinafungwa wiki nzima. Zisipofungwa nani atafundisha? Walimu wako msituni, wanafunzi wako msituni, mchungaji naye yuko msituni. Dreama hajawahi kuikosa siku hiyo tangu aweze kubeba bunduki. Mwalimu wake wa kemia alipotangaza mtihani mkubwa wa Jumatatu hiyo, Dreama alisikia vizuri sana. Akadhani mzee wa watu amepitiwa, atakumbuka mwenyewe na kuuhamisha. Akafunga begi, akaja nyumbani.

Asubuhi ile, akivizia juu ya mti, alimwangusha dume la pembe nane, maana kwetu kila ncha ya pembe inahesabiwa. Nilipika maharage, mkate wa mahindi na minofu ya kulungu, tukala tukashiba, tukamsifu. Kumbe Ohio wenzake wako darasani wanafanya mtihani.

"Nenda kwa mwalimu umweleze," nilimwambia kwenye simu ya mezani aliporudi chuoni akaambiwa.

"Nimweleze nini, shangazi? Kwamba nilikuwa juu ya mti na bunduki?"

"Si ndiyo ukweli!"

"Watanicheka. Tayari wananicheka ninavyoongea."

Hakwenda. Akala F ya kemia, na aibu ikamfunga mdomo kabisa. Akawa anakaa nyuma darasani, asichoelewa hakiulizi, na alama zikaporomoka somo baada ya somo. Alipozinduka alijikaza. Alirudia kemia akapata A, na mwaka wa mwisho akafanya vizuri kuliko wengi wa waliomcheka. Lakini wanaopokea maombi ya shule za meno hawaifuti F kwa sababu umerudia. Wanaichanganya na ile A, wanagawanya. Mimi naona ni uchoyo tu.

Alituma maombi, akaambulia patupu. Mwaka uliofuata, patupu tena. Katikati ya hapo alipata kazi ya msaidizi kwenye kliniki ya ng'ambo ya mlima, akawa anashika mrija wa kunyonya mate mchana, na jioni anasoma sayansi ngumu kuliko zile za mwanzo. Safari hii mwalimu akisema jambo asilolielewa, mkono wake unakuwa wa kwanza juu. Alipata A tupu. Lakini wastani wa miaka ile ya zamani ni mzito, unapanda kwa kuvutwa.

Denver, mwenye kituo cha mafuta na gereji, ambaye naye shule ilimshinda, hakuweza kunyamaza. "We Dreama, si ubaki msaidizi tu? Kazi safi hiyo. Nani atampa mdomo wake mtu aliyefeli?"

"Na wewe nani anakupa gari lake?" nilimjibu mimi, nikaenda kujaza mafuta kwingine.

Mwaka wa tatu shule moja ikamwita kwenye usaili. Nilimpeleka kwa gari langu, na njiani akanishika mkono. "Wakinikataa hawa naacha, shangazi. Nimechoka." Sikumwambia ajipe moyo. Nilijua anamaanisha.

Yaliyotokea ndani alinisimulia tukirudi. Waliketi watatu, na mkubwa wao mama wa makamo, Daktari Pruitt.

"Hii F ya kemia," mama yule akasema. "Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, daktari."

"Ulifiwa?"

"Hapana. Nilikwenda kuwinda kulungu."

Mmoja wa wale wengine akapaliwa na kahawa. Dreama akaeleza yote, Jumatatu na mti na mwalimu aliyemdhania amepitiwa.

"Ulimpata?" akauliza Daktari Pruitt.

"Nilimpata. Pembe nane."

Wakacheka. Mama yule hakucheka sana. "Sasa la maana. Kwa nini hukwenda kwa mwalimu wako kesho yake?"

"Kwetu kuomba ni aibu," akajibu. "Mtu atakaa na jino bovu mwaka mzima asiombe msaada. Mama yangu aling'olewa meno yote asije akamsumbua mtu baadaye. Na mimi nilikaa na ile F vilevile, mpaka ikaozesha na nyingine. Nimejifunza kuuliza, lakini nimechelewa. Ndiyo maana mtu akija kliniki na shavu limevimba, simuulizi alikuwa wapi siku zote."

Nilisikia hayo nikapiga usukani. "Umewaambia kulungu? Si ungesema mafua!"

"Mafua yangekuwa uongo, shangazi."

Mtoto kichwa ngumu. Nilinuna hadi mpakani mwa jimbo letu, na moyoni nilikuwa nimefurahi kweli.

Shule hizo huwapigia simu waliopita katikati ya Desemba. Lick Fork hakuna mtandao wa simu za mkononi, ukiutaka unapanda hadi uwanja wa kuegesha magari wa kanisa. Siku hiyo tulipanda wote kwenye gari la Harless, tukakaa na injini inanguruma kwa ajili ya joto. Simu ilipolia Dreama alishuka nje kwenye theluji.

"Ndiyo, daktari… Ndiyo… Ahsante." Akakaa chini palepale.

"Wamesemaje?" Nedra akapiga kelele. "We mtoto, sema!"

"Wamenichukua, mama."

Nilipiga ukelele mpaka mchungaji akatoka kanisani. Nililia, sifichi. Tulimkumbatia mimi na Nedra tukaanguka naye kwenye theluji, watu wazima wawili, na sikujali nani anatuona. Ningetaka Denver atuone.

Harless alilizunguka gari lake, akasimama, akalizunguka tena. Kisha akaja kwa binti yake na kuvua kofia. Kaka yangu huyu nimekua naye, nimemwona akitolewa chini ya mwamba mguu umevunjika akisema yuko sawa.

"Hili jino la nyuma," akasema, akigusa shavu. "Linaniuma, mwanangu. Siku nyingi. Nisaidie."

Nedra alifunika uso wake kwa viganja. Dreama aliinuka, akapangusa theluji magotini na kuwasha taa ya simu.

"Geukia huku, baba," akasema. "Fungua mdomo."