Boksi la Mama Kabula Limekuja Tupu

Admin, weka hii bila jina wala picha, maana mawifi zangu wote watatu wanaufuata ukurasa wako na hawana kazi nyingine.

Nina miaka 31, nimeolewa, naishi Bariadi mjini. Nina steshenari ndogo karibu na ofisi za serikali. Natoa kopi, nachapa barua, na wasiojua kuandika nawaandikia malalamiko yao: ya mashamba, ya mirathi, ya ng'ombe walioingia kwenye pamba ya mtu. Nasema hivyo mjue kwamba barua kwangu si kitu cha kuogopa. Mimba hii ni ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, na ile ya pili ilikuwa imefika miezi mitano. Baada ya hapo sikuongea na mtu karibu mwezi mzima. Hii ya sasa ina miezi minane, na kipimo kimeonyesha ni wa kike. Daktari amesema nisithubutu kuzalia hapa, niende Mwanza mapema, nikae karibu na hospitali kubwa, nifanyiwe upasuaji.

Kwetu huku mtoto hanunuliwi kitu kabla hajazaliwa. Hata kitenge cha kumfunika kinatafutwa akishalia. Mimi niliyaona ni mambo ya zamani, na kusema ukweli nilikuwa nimechoka kusubiri. Nikaona ukurasa mmoja unauza vifaa vya watoto, seti nzima, nguo, beseni na blanketi la rangi ya maziwa. Nikachota kwenye hela tuliyotenga ya Mwanza, nikijiambia mume wangu akiuza pamba tutairudishia. Muuzaji akauliza jina la mpokeaji. Huku mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mwanawe, na mimi miaka saba naitwa mke wa fulani. Nikaandika Mama Kabula. Kabula alikuwa bibi yake mume wangu, na tulishanong'onezana kwamba mtoto atachukua jina lake.

Mzigo ukaja kwa basi. Dada wa ofisi ya mizigo pale stendi akaita kwa sauti, "Mama Kabula!" Nikaitika. Naona aibu hata kueleza nilivyofurahi. Niliuona mwepesi, nikajua nguo za kichanga ndivyo zilivyo, beseni lenyewe la plastiki. Nyumbani nikajirekodi video nikifungua, kwa sababu muuzaji alishasema bila video hakuna kurudishiwa hela. Gundi ya boksi haikuwa imeguswa. Ndani hapakuwa na kitu, hata kipande cha gazeti. Kwenye video nasikika nikisema, "Kabula, njoo uone vyako."

Mama mkwe alikuwa ameshakuja kutoka kijijini Migato kukaa nami hadi nijifungue. Muda wote huo alikuwa amesimama mlangoni. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Hapo juu pameandikwa nini?" Nikamsomea. Akakaa chini pale pale.

"Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, "nani alikutuma umwite kabla hajafika?"

"Mama, ni jina tu la kupokelea mzigo."

"Umemwita, na kilichoitika ndicho hicho."

Tangu siku hiyo haingii chumba chenye boksi, na chakula anakulia nje. Mimi ni mwanakwaya, sikuyatilia maanani. Nikamwandikia muuzaji, naye akajibu vizuri kabisa, "Pole sana mpenzi, hela yako itarudi yote." Ila kuna sharti. Niandike barua kwa mkono, nisaini, nimtumie picha yake kesho kabla ya saa sita mchana. Maneno alinipa yeye: "Mimi Mama Kabula nathibitisha kwamba nilipokea boksi na halikuwa na kitu ndani."

Niliyasoma mara mbili, nikajikuta nimeshika tumbo. Nikamwomba niandike kwa jina langu halisi, akakataa. "Hapana dada, lifanane na la kwenye boksi, la sivyo ofisini hawatalipa."

Mama mkwe aliposikia akasema, "Usiandike hivyo kwa mkono wako. Hela inatafutwa." Nikamuuliza itatafutwa wapi, akainuka akatoka nje. Mume wangu alikasirika. Akasema mama ananitisha bure, hayo ni maneno tu kwenye karatasi, niandike tuwahi Mwanza. Nikamsogezea kalamu nikamwambia, "Basi andika wewe, mwandiko wangu hawaujui." Akaishika. Akayasoma tena yale maneno, akairudisha kalamu mezani, akasema anatoka kidogo kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wetu wako Migato.

Wapendwa, naogopa. Safari ni wiki ijayo. Bila hiyo hela nitazalia hapa hapa, jambo ambalo daktari amenikataza, na nikimpoteza nitajua ni mimi niliyechota nauli yake. Nikiandika nikampoteza, nitajua niliandika nini. Pa kukopa pote nimeshagonga, pamba bado iko shambani.

Leo nimefunga steshenari mapema, karatasi iko mbele yangu. Barua za watu wengine nazimaliza kwa dakika kumi. Hii nimefika kwenye "nilipokea boksi na", nikaifunika kalamu. Ninyi ambao hofu hii haijawafikia, niambieni, nimalizie au nichane? Msinijibu kwa utani, na msichelewe. Mtoto leo amecheza mara moja tu, asubuhi, kabla sijashika kalamu.