Malkia wa Moshi

Kibanda umiza cha Bwanausi, cha kuonyeshea filamu, kiko Magomeni ya Bagamoyo, na ndani yake hamna cha kumringishia mtu: mabenchi ya mbao, televisheni kubwa aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na pazia zito mlangoni. Siku hizi kila mtu ana simu, na filamu zimejaa humo tele. Hata hivyo watu hawaachi kwenda kwa Bwanausi, na ukiwauliza wanafuata nini hawakufichi. Wanafuata ubao.

Ubao umetundikwa nje, kando ya mlango. Kila siku Bwanausi huandika kwa chaki jina la filamu ya leo, ila kuliandika lilivyo hawezi, hata umshikie panga. Lazima aliguse kidogo. Filamu ikiitwa Kisiwa cha Mamba Saba, yeye ataandika Kisiwa cha Mama Saba. Kisha, kabla hajawasha mitambo yake, husimama mlangoni akawasimulia watu hiyo filamu ambayo haipo popote duniani. Baharia kazamiwa na meli, kaogelea mpaka kisiwani, kumbe wenyeji wa huko ni mama wakwe zake saba: wanne wa wake alionao na watatu wa wale aliowaacha. Wote wamepika, na kila mmoja anataka sahani yake ndiyo ianze kuliwa.

Kisasi cha Jemedari ikawa Kisado cha Jemedari. Shujaa katumwa na mkewe sokoni mkesha wa Idd, mchele umebaki kisado kimoja, na mbele yake wamesimama wanawake wawili waliowahi kufika. Jemedari anatazama kulia, anatazama kushoto, anasalimu amri. Watu hucheka hata wakiingia ndani ile filamu yenyewe, na mabomu yake yote, wanaiona imepooza.

Aliyecheka kuliko wote hakuwa akiingia ndani. Ni Wahida, mjane mwenye mikono mikubwa na ulimi mwepesi, anayekaanga mihogo kando ya kibanda. Wahida akicheka hufunika mdomo kwa mwiko, na mafuta yakamchirizika mkononi asijali. Bwanausi, ambaye mkewe alifariki zamani na watoto wamekwisha kuwa na watoto wao, alikuwa akibadilisha majina yale kwa ajili ya kicheko hicho. Alimpenda Wahida, basi. Alikwisha kumwendea rafiki yake Sadallah, kinyozi, akamwomba awe mshenga, apeleke posa Ijumaa kwa kaka yake Wahida.

Sasa sikiliza alivyojiharibia. Jumanne ile filamu ilikuwa Malkia wa Moto. Bwanausi akamtazama Wahida, uso wake unatokea na kupotea katika moshi wa jiko, akaandika: Malkia wa Moshi. Hadithi yake alikuwa nayo tayari kifuani. Akakohoa kidogo aanze, umeme ukakatika. Watu wakatawanyika, na yeye akafunga akaenda zake kuswali. Ubao ukabaki peke yake, una jina lisilo na hadithi.

Na pwani yetu hii, kuacha neno namna hiyo mbele za watu ni kutafuta balaa. Sisi tumelelewa na khanga. Mwanamke hununua khanga kwa jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake, akaivaa apite mlango wa aliyemkusudia, na mwenye kuambiwa akajijua. Neno likiandikwa mahali pa watu kuliona, lina mtu wake. Tena wiki hiyo hiyo Wahida alikuwa amegombana na Hafidha, jirani wa dirisha la pili, kwa sababu ya moshi unaoingia kwenye nguo alizoanika. Kufika magharibi mtaa mzima umekwisha kuelewa: Bwanausi kamchukua Hafidha upande wake, na kamsema Wahida ubaoni.

Kesho yake Wahida alikuja na khanga mpya. Maneno yake siyaandiki hapa, maana nina haya. Akapita mbele ya kibanda taratibu, akarudi tena kwa asiyesoma haraka, kisha akaligeuza benchi lake akakaa kumpa Bwanausi mgongo.

"Bi Wahida, sikukukusudia vibaya," Bwanausi alimwambia.

"Mimi na wewe hatuna neno," akajibu, akageuza mihogo.

Bwanausi akaenda kwa Sadallah. "Ijumaa nenda tu ukaniombee."

"Niende wapi? Nikamwagiwe mafuta?" Sadallah akaweka wembe chini. "Umemsema hadharani, ndugu yangu. Ukimwomba radhi uchochoroni, nani atajua? Yaseme pale pale mlangoni pako."

Alhamisi alasiri Bwanausi akaandika tena, herufi kubwa: Malkia wa Moshi. Watu wakakusanyika kutazama ugomvi. Hafidha akatoa kichwa dirishani. Wahida hakugeuka, ila mwiko wake ulisimama.

"Ni filamu ya mji mmoja," Bwanausi akaanza, na sauti haikuwa ile ya siku zote. "Yupo malkia, kiti chake kando ya jiko. Na yupo mzee mmoja mwenye kibanda. Anaonyesha filamu kila siku, na yeye mwenyewe hajui hata moja ilivyokwisha, kwa sababu hukaa mlangoni, pale moshi unapopita. Akitokwa na machozi watu humpa pole ya moshi. Naye huitikia."

Hapakuwa na aliyecheka.

"Siku malkia alipogeuka, mzee akafungua pazia, akafungua milango, na moshi haukuingia. Akajua kumbe alikuwa amezoea kuvuta pumzi humo humo."

Akaishia hapo. Mmoja akauliza kama wanavyouliza siku zote: "Halafu? Mwisho wake?"

"Mwisho sina," akasema Bwanausi, akatazama chaki iliyokuwa mkononi. "Nimeogopa kuutunga."

Basi Wahida akageuka, benchi na yeye mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu, na jiko lake siku hiyo, wallahi, lilikuwa linawaka safi.

"Mwisho wa filamu hiyo hauji na chaki," akasema. "Unakuja na mshenga. Kaka yangu yupo nyumbani Ijumaa baada ya swala."

Watu wakapiga kelele kama goli limeingia. Bwanausi akakaa chini pale pale kizingitini. Vigelegele vya kwanza vilitoka dirishani kwa Hafidha, na alipomaliza akaita kwa sauti ya mtaa mzima:

"Mwoe upesi, Bwanausi, jiko lihamie uani kwako! Nguo zangu zikauke!"