Kipima Mitetemo Kwenye Stoo ya Kahawa

Nilipoajiriwa kuwa fundi wa maabara ya jiofizikia katika chuo kimoja mjini Moshi, kipima mitetemo kilikuwa kabatini, kimefunikwa shuka kuukuu. Wanafunzi walijifunza matetemeko kwa michoro ya vitabuni. Mkuu wa idara aliniambia waziwazi, "Hicho kimekufa. Usipoteze muda wako."

Nilikifungua. Waya mmoja tu ndio ulioliwa na kutu. Nikaubadilisha, nikakiwasha, na skrini ikajaa mistari mpaka ikawa nyeusi. Barabara ilipita nyuma ya ukuta wa maabara. Kila lori la saruji lilikuwa tetemeko letu.

Jumamosi nikapanda Marangu kwa mama. Kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, katikati ya migomba, kuna stoo ya kahawa ambayo marehemu baba aliijenga juu ya mwamba mtupu, mbali na malori.

"Shikamoo, mama. Naomba stoo."

"Marahaba. Ya nini?"

"Ya kusikilizia ardhi."

Alinitazama kidogo. "Na kahawa nitaiweka wapi?"

"Kwenye chumba changu."

Akanipa ufunguo.

Mimi na wanafunzi tulimwaga zege juu ya mwamba, tukaweka kifaa, sola, na laini ya simu ya kupeleka data maabara. Lakini banda la ng'ombe lilikuwa jirani, na kila alipopiga kwato mstari uliruka. Mama mwenyewe akaamua ng'ombe ahamishwe. Wanafunzi wanane walishinda wakijenga banda jipya huko chini, naye akawapikia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama.

Wiki tatu mstari ulilala. Mkuu wa idara alikuwa akipita mlangoni, akitabasamu, akienda zake.

Halafu Jumanne moja, kipindi kikiendelea, mstari ulitetema, ukasita, kisha ukaruka juu na chini kwa nguvu.

"Wimbi la kwanza!" binti mmoja alipiga kelele. "Na hilo la pili!"

Walipima pengo kati ya mawimbi mawili, wakakokotoa umbali, wakauandika ubaoni. Kabla ya saa kwisha, habari zikaingia kwenye simu: tetemeko kusini mwa nchi, umbali uleule.

Mkuu wa idara alikuja kwa zile kelele. Akasoma ubao, akasoma skrini, akachukua chaki na kulizungushia jibu duara.

"Nilikosea," akasema mbele ya wote.

Wanafunzi walikuwa wameshaninyanyua mabegani, nikiwa bado na koti langu la maabara, tukatoka tukiimba mpaka uwanjani.