Mkono wa Kushoto wa Kivuti

Mume wangu Kivuti alijitengenezea vyuma vyake mwenyewe vya kunyanyua. Alikoroga simiti, akaijaza kwenye mikebe ya rangi, akachomeka bomba katikati na kuiacha ikauke nyuma ya nyumba yetu hapa Nchiru. Hiyo ndiyo ilikuwa jim. Wanafunzi wa hosteli walikuja, mafundi wa mjengo walikuja, na Ishmael, rafiki yake wa tangu utotoni kwao Kanja, alikuja kila jioni akitoka kwenye kazi yake ya mabomba.

Wakipumzika, Kivuti na Ishmael walienda nyuma ya tangi la maji kuvuta sigara. Walidhani wamejificha, na moshi unapanda juu ya tangi watu wote wakiuona. Nilipolalamika, Kivuti alikunja mkono akanionyesha msuli.

"Mama Ciakuthii, jasho inatoa hiyo moshi yote. Angalia hii kifua. Hii ni kifua ya mgonjwa?"

Ciakuthii ni binti yetu, aliyepewa jina la mama yake Kivuti. Kifua kweli kilikuwa kipana.

Siku moja nilimburuta hadi zahanati akapimwe presha. Marcella, nesi wa pale, hakumficha kitu.

"Baba Ciakuthii, vyuma ni sawa, zinasaidia roho. Lakini haziwezi osha sigara. Ukivuta, mishipa inaziba tu, hata ukiwa na misuli namna gani."

Kivuti alisikia pale alipopenda. Jioni hiyo aliwatangazia wenzake kwamba nesi amesema vyuma vinasaidia moyo, kisha akaongeza mkebe kila upande wa bomba. Ishmael alimpigia makofi.

Mwezi wa nane mkono ukaanza kumuuma, wa kushoto, kutoka begani hadi kwenye kidole cha mwisho, na kifua kikawa kinambana. Nilimwambia turudi kwa Marcella. Yeye alikuwa anafurahi! Watu wa vyuma ndivyo walivyo: mwili usipouma wanaona wamepoteza jioni.

"Inajenga," akasema. "Nichue tu."

Nikamchua. Niliomba, nikanuna, nikaficha viberiti. Alikuwa na vingine.

Alhamisi asubuhi aliinua vyuma, akarudisha bomba mahali pake vizuri, akaenda kukaa nyuma ya tangi. Nilimpata ameegemea ukuta, sigara bado inawaka kwenye majani. Hatukufika naye hospitali akiwa hai. Daktari alisema ni moyo, na kwamba mkono ule ulikuwa umesema mapema. Nilimjibu, "Asante, daktari," kama mtu aliyeelekezwa njia.

Sikulia. Nilipika chai ya wageni, nikachagua suti, nikajibu simu. Watu wakasema mimi, Gatwiri, nina nguvu. Sikuwa na nguvu yoyote. Sikuhisi chochote, hata njaa, na hata huruma kwa mtoto wangu niliitafuta nikaikosa.

Tulimzika kwao Kanja, kando ya kahawa ya babake. Mchungaji alipomaliza, wanaume wakashika mabeleshi kujaza kaburi, wakipokezana kama ilivyo desturi. Watu wa jim walikataa kupokewa. Udongo ulikuwa unaruka, wazee wakasimama kando kuwatazama. Nami niliutazama ukiingia na sikuona tofauti na mtu anayefukia shimo la choo.

Kisha Ishmael akasimamisha beleshi. Jasho lilikuwa linamtiririka, uso umekuwa wa kijivu. Akaukunja mkono, akaukunjua, akausugua kutoka begani kwenda chini. Alipoona namwangalia akajaribu kutabasamu.

"Ni hizi vyuma, Mama Ciakuthii. Hata jana ilikuwa inauma. Inajenga."

Ulikuwa wa kushoto.

Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nilihisi kitu, na ilikuwa hasira. Nilimnyang'anya beleshi nikalitupa. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati lake, nikatoa pakiti ya sigara, nikaitupa kaburini, juu ya Kivuti.

"Leteni gari!" nikapiga kelele. "Huyu anaenda hospitali sasa hivi."

Mchungaji akaniita kwa upole. "Mama, tumalize kwanza kuzika."

"Yule wa chini atangoja," nikamwambia. "Huyu hawezi."

Nikamshika Ishmael kiuno, nikampeleka kwenye gari, na kaburi la mume wangu nikaliacha nusu.