Tao la Machungwa Ng'ambo ya Kamanga

Nilivuka ziwa kwenda kumchukua Shangazi Milembe aje kuishi nasi Mwanza. Mumewe alishafariki, nyumba yake inavuja, na sisi tulikwisha kumwandalia chumba. Alikubali kwa sharti moja: kwanza apite chini ya tao la machungwa kwa mara ya mwisho.

Asubuhi ya Jumamosi, kwenye kivuko cha Kamanga, nilikalia gunia la machungwa niliyonunua sokoni, nikawaza ya zamani. Utotoni mwetu, sikukuu ya mavuno kanisani kwao ilisifika kwa tao lile. Wanawake walikunja matete, wakafungia machungwa moja moja kuuzunguka mlango mzima, na juu kabisa msalaba wa malimau. Ukipita chini yake, harufu ilikufuata mpaka kwenye benchi. Jamani, nililipenda kuliko hata Krismasi.

Nilipofika nilimwamkia Shangazi, akaitikia marahaba huku mkono wake tayari umo guniani. Akaligeuzageuza chungwa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, haya utayafungaje? Hayana vikonyo."

Kumbe zamani yalikatwa pamoja na kikonyo na jani, kamba ipate pa kushika. Ya sokoni yalikuwa upara mtupu. Na michungwa ya pale kijijini ilikauka miaka mingi iliyopita, ndiyo maana tao likafa.

Nilinyong'onyea. Aliyetuokoa ni jirani yake, mvuvi, aliyeleta wavu chakavu. Tuliujaza machungwa, tukaushona kwa urefu, tukautundika mlangoni mwa kanisa.

Jumapili, Shangazi alisimama chini yake huku watu wakisubiri nyuma. Machozi yalimlenga, na mimi pia. Kisha akanyoosha mkono, akauvuta wavu.

"Mmelipinda vibaya," alisema.

Baada ya ibada tao lilifumuliwa kama desturi, kila nyumba ikapata chungwa lake. Akina mama vijana walimzunguka Shangazi, wakimuuliza habari za matete na miche ya michungwa. Jioni nilimkumbusha kufunga mizigo. Nikamkuta anaufungua mzigo aliokwisha kuufunga, anarudisha khanga zake sandukuni.

"Mwakani wataharibu tena hawa," alisema. "Niwaachie nani?"

Jumatatu nilivuka peke yangu. Nilidhani nakwenda kumsaidia kuaga, kumbe nilimpelekea sababu ya kubaki, na moyoni sikujua kama nicheke au nisikitike. Nyumbani waliniuliza Shangazi yuko wapi.

Niliwajibu yuko kazini.